Nguo za Mtu Mwenye Ukurutu

Iko dawa moja ambayo mgonjwa wa ngozi anaivaa mchana kutwa na usiku kucha, wala hakuna daktari aliyemwandikia. Dawa hiyo ni nguo yake. Mafuta tunayompa hospitalini anapaka mara mbili kwa siku, lakini shati linamgusa tangu asubuhi hata jioni, na blanketi linamgusa tangu jioni hata asubuhi. Kama shati linakwaruza na blanketi linachoma, mafuta yetu ni kama maji yanayochotwa kwa kikapu. Basi katika kurasa hizi tutasema habari za nguo kwa watu wenye ukurutu, na kwa wazazi wanaolea watoto wenye ukurutu.

Ukurutu ni nini?

Ukurutu, ambao madaktari wanauita ekzema, ni ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu. Ngozi inakauka, inawasha sana, mtu anajikuna, inatoa maji, kisha inakuwa nene na ngumu kama gome la mti. Kwa mtoto mchanga huanza mara nyingi mashavuni na kichwani. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima huonekana zaidi penye mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, na kwenye vifundo. Vitabu vya Ulaya vinasema ngozi inakuwa nyekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Sisi tunaona rangi ya kijivu au ya zambarau, au vipele vidogo vidogo, au mahali palipokuwa peusi kuliko pande zote. Ugonjwa unapungua, halafu unarudi. Mara nyingi katika jamaa ile ile yuko mwenye pumu, au mtu anayepiga chafya kila wakati wa vumbi.

Fikirini ukuta wa matofali. Matofali yanashikwa na udongo uliowekwa katikati yao. Udongo ukipungua, upepo unaingia, mvua inaingia, na joto la nyumba linatoka. Ngozi nayo imejengwa namna hiyo: chembe zake ni matofali, na mafuta yake ni udongo. Kwa mwenye ukurutu udongo huo ni haba. Maji ya mwili yanatoka, na vitu vya kuudhi vinaingia: sabuni, jasho, vumbi, nyuzi ngumu za nguo. Mwaka 2006 wachunguzi wa Dundee, huko Scotland, walionyesha kwamba baadhi ya watu wa Ulaya wenye ukurutu wamerithi kasoro katika protini moja inayosaidia kujenga ukuta huo. Kwa Waafrika kasoro hiyo ni haba, lakini ukuta wao nao unavuja.

Tena shikeni neno hili: ukurutu hauambukizi. Si ukoma. Hakuna anayeupata kwa kushikana mikono, wala kwa kukaa benchi moja kanisani, wala kwa kunywea kikombe kimoja, wala kwa kuvaa nguo ya mgonjwa. Mimi nimemwona mama anayekaa na mtoto wake peke yao kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, kwa sababu jirani walisema, “Ni ukoma.” Mama huyo alimvika mtoto gauni la nailoni la mikono mirefu, na soksi ndefu, na kofia ya sufu, saa sita ya mchana, ili watu wasione ngozi. Jasho likamtoka mtoto, akajikuna, ngozi ikapasuka, damu ikaonekana juu ya gauni, na watu wakatazama zaidi. Hivi ndivyo aibu inavyouongeza ugonjwa. Watu wengi wenye ukurutu hawachagui nguo kwa ajili ya ngozi yao, bali kwa ajili ya macho ya watu wengine. Wanatafuta kitambaa kizito kisichoonyesha kitu, na kitambaa hicho ndicho kinachowaunguza.

Onyesha ngozi kwanza

Kabla ya kubadili nguo, njoo hospitalini ngozi itazamwe, maana si kila kinachowasha ni ukurutu, na sheria za nguo si zile zile.

Ikiwa watu wote wa nyumba wanajikuna usiku, na vipele viko katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, yaelekea ni upele unaoletwa na mdudu mdogo sana. Huo unaambukiza. Watu wote wa nyumba watumie dawa siku moja, hata yule asiyejikuna bado. Nguo na mashuka waliyotumia siku tatu zilizopita yafuliwe kwa maji ya moto. Kitu kisichofulika kifungwe kabisa ndani ya mfuko wa plastiki siku nne, kwa sababu mdudu huyo akiwa mbali na mwili wa mtu haishi zaidi ya siku mbili au tatu.

Baka lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa pamba mtu hasikii kitu, ndilo la kutuletea upesi, kwa kuwa linaweza kuwa ukoma. Dawa yake ipo, nayo hutolewa bure. Na wale wanaokaa karibu na mito yenye maji ya kasi, mahali pa usubi, wakiwashwa mwili mzima watuambie, maana usubi una ugonjwa wake na dawa yake.

Kitambaa gani kinafaa?

Mambo matatu yanauamsha ukurutu kwa njia ya nguo: joto, jasho, na kukwaruzwa. Pamba inasaidia katika yote matatu. Inakunywa jasho, inapitisha hewa, na nyuzi zake ni laini. Nailoni na poliesta hazinywi jasho vizuri; jasho linabaki juu ya ngozi, na chumvi yake inachoma mahali palipopasuka kama chumvi juu ya kidonda. Sufu ya kawaida ina nyuzi nene, na ncha zake zinachoma kama miiba midogo. Iko sufu nyembamba sana ambayo wagonjwa wengine wanaivumilia, lakini sweta na kofia zinazofumwa huku kwetu si za sufu hiyo. Yohana Mbatizaji alivaa singa za ngamia, lakini Maandiko hayasemi kwamba alikuwa na ukurutu.

Wengine wataniuliza habari za hariri, kwa kuwa wamesikia kwamba Ulaya watoto wenye ukurutu wanashonewa nguo za hariri za bei kubwa. Jambo hilo limepimwa. Huko Uingereza watoto 300 wenye ukurutu, wa umri wa mwaka 1 hata miaka 15, waligawanywa mafungu mawili. Wote waliendelea na mafuta na dawa zao. Fungu moja walipewa nguo za hariri juu ya dawa hizo, fungu la pili walivaa nguo zao za kawaida. Baada ya miezi 6 ngozi ya wale wa hariri haikuwa bora kuliko ya wenzao. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2017. Basi, mama, usiuze mbuzi kwa ajili ya hariri. Shati kuukuu la pamba linatosha.

Nasema kuukuu, wala sikosei. Kitambaa kipya kina wanga na dawa za kiwandani zilizotiwa ili kisikunjamane na kipendeze machoni pa mnunuzi. Kikwembe kipya kinasimama chenyewe kama karatasi! Ngozi ya ukurutu haikipendi. Kifueni mara mbili au tatu, hata maji yawe meupe bila rangi, kisha kivaliwe. Nguo za tombola zinazofunguliwa kutoka marobota zimekwisha kufuliwa mara nyingi na mwenyewe wa kwanza, na pamba yake imelainika. Hapo maskini anamshinda tajiri. Lakini zisivaliwe siku ile ile ya soko. Zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Na kama zinanuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, zianikwe siku nyingi na kufuliwa tena, wala asivikwe mtoto mchanga hata harufu iishe kabisa. Kwa watoto wengine wa nchi yetu, ambao damu yao ina udhaifu wa kuzaliwa, dawa ya vidonge hivyo inavunja damu na kuleta manjano mabaya.

Namna ya kuitambua pamba

Mfanyabiashara atasema kila kitambaa ni pamba. Msimhukumu, labda hata yeye aliambiwa hivyo. Lakini si kila kikwembe chenye maua mazuri ni cha pamba. Vingi vya bei ndogo ni poliesta iliyopigwa chapa. Kama nguo ina kipande cha maandishi shingoni au ubavuni, kisomeni: “coton” ndiyo pamba, “laine” ndiyo sufu. Ikiandikwa “100% coton” hakuna kitu kingine ndani yake.

Kama maandishi hayapo, tia tone la maji juu ya kitambaa kilichokwisha kufuliwa. Pamba inalinywa upesi. Juu ya poliesta mara nyingi tone linakaa kwanza kama umande juu ya jani la gimbi.

Njia iliyo bora ni ya moto. Chomoa uzi mmoja au miwili penye upindo. Toka nje, weka bakuli la maji karibu, watoto wakae mbali. Shika uzi kwa koleo ndogo au kwa pini, si kwa vidole, uuwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu, ukiyasugua yanapotea. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Nailoni na poliesta zinajikunja, zinayeyuka, zinadondoka, na zikipoa zinaacha shanga ngumu. Kama uzi unaungua kama karatasi lakini katika majivu unakuta vijishanga vigumu, ni mchanganyiko. Mchanganyiko wenye pamba nyingi unaweza kuvaliwa juu ya nguo nyingine, lakini usiguse ngozi yenye ukurutu.

Hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka mlishike: nguo inayogusa ngozi. Ile ya juu ni habari nyingine. Mtu anaweza kuvaa koti la sherehe, au sweta ya sufu, au sare ya kitambaa kigumu, ikiwa chini yake iko fulana ya pamba yenye mikono na shingo ya kutosha, hata nguo ya juu isipate mahali pa kumgusa.

Mshono

Hata pamba inaweza kuumiza kwa mshono mbaya. Nguo iwe pana. Isibane kwapani, wala ndani ya kiwiko, wala nyuma ya goti, maana ndiko ugonjwa unakokaa. Kipande cha maandishi cha shingoni kikishasomwa, kifumueni uzi kwa uzi. Ukikikata kwa makasi kinaacha kisiki kinachochoma kuliko kwanza. Lastiki ya kiuno isiguse ngozi yenyewe. Mwambie fundi aifunike kwa upindo wa pamba, au atie kamba ya kitambaa. Na ikiwa mishono ya fulana inamsumbua mtoto, mvike fulana hiyo ikiwa imegeuzwa, mishono iwe nje. Watu watacheka. Chini ya shati hakuna atakayeona.

Kama kuna alama ya mviringo inayowasha chini ya kitovu tu, tazama kifungo cha suruali au chuma cha mkanda. Vyuma vingi vya namna hiyo vina nikeli, na ngozi za watu wengine zinaikataa. Kishonee kitambaa kwa ndani, au badili kifungo kiwe cha plastiki. Saa, bangili na hereni ni vile vile.

Rangi si neno kubwa. Wagonjwa wengi wanapenda nguo nyeusi kwa sababu zinaficha madoa ya mafuta na damu, na mimi sioni ubaya, ikiwa rangi haitoki ndani ya maji ya kufulia.

Sare za shule na za kwaya

Shati jeupe na suruali au sketi ya buluu ni sare ya mashule yetu. Mashati mengi meupe ya bei ndogo ni ya poliesta. Mtoto anakaa ndani yake saa nyingi, darasa limejaa, bati la juu linawaka. Mwalimu anaona mtoto hatulii, anajikuna, haandiki, anadhani ni mkaidi. Watoto wengine wanaacha shule, na wazazi wanasema, “Ugonjwa umemshinda.” Kumbe ni shati lililomshinda. Kanuni ya shule inataka rangi, haikutaja nyuzi. Nunueni kitambaa cheupe cha pamba, fundi ashone shati pana. Kama fedha haipatikani, tafuteni fulana nyeupe ya pamba ya kuvaa chini. Tena baba au mama aende mwenyewe kumweleza mwalimu kwamba ugonjwa huu hauambukizi, na kwamba mtoto akae karibu na dirisha.

Nanyi wazee wa kanisa, na viongozi wa kwaya na wa vyama vya mabibi, mnapokubaliana kununua sare mpya kwa ajili ya mkutano au sikukuu, mnachagua kitambaa kinachong'aa. Kinapendeza kweli. Lakini katika kwaya ya watu arobaini yuko mmoja au wawili ambao kitambaa hicho kitawaondoa katika kuimba, nao wataona haya kusema sababu. Ulizeni kwanza. Pamba ya rangi moja nayo inapendeza, na wote wataimba hata mwisho wa ibada bila kupeleka mkono mgongoni.

Mtoto mchanga na nguo ya mama

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi hawatazami. Mama analeta mtoto mwenye mashavu yaliyopasuka. Nguo za mtoto ni za pamba, safi, zimepigwa pasi. Mama amefanya yote tuliyomfundisha. Lakini mashavu hayaponi. Basi mtazame mama. Amevaa blauzi ya nailoni yenye maua ya kushonwa mabegani. Mtoto anabebwa mgongoni, shavu lake limelala juu ya blauzi hiyo toka asubuhi, mama akitembea linasuguliwa, akiinama kulima linasuguliwa, na jasho la mama linaingia humo. Nguo ya mama ni nguo ya mtoto pia. Mama anayebeba mtoto mwenye ukurutu avae blauzi ya pamba isiyo na nakshi mabegani na mgongoni, au atandike kitambaa laini cha pamba pale shavu linapolala, na kukibadili kikilowa. Akimnyonyesha, mkufu na pini viwekwe kando.

Kikwembe cha kubebea kiwe cha pamba iliyokwisha lainika. Wakati wa joto safu moja yatosha. Ninajua bibi wa mtoto atasema baridi itamwingia. Bibi apewe heshima yake, lakini mwombeni apeleke mkono nyuma ya shingo ya mtoto. Kama shingo ina jasho, mtoto ana joto, na kitu kimoja kitolewe. Kofia ya sufu isiguse kichwa chenye ukurutu. Mwekee kofia ya pamba, na kama ni asubuhi ya baridi, ile ya sufu ikae juu yake.

Baridi

Watu wa Bukavu na Goma watasema, “Mafundisho hayo ni ya watu wa Kindu na Kisangani, sisi tunatetemeka.” Na watu wa Lubumbashi wanaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, na upepo mkavu unaopasua ngozi hata ya mtu mzima wa afya. Kwa baridi vaeni nguo nyembamba mbili au tatu za pamba, moja juu ya nyingine, kuliko moja nzito. Jua likipanda mnatoa moja, jioni mnairudisha. Sweta iwe ya juu kabisa. Ngozi yenye ukurutu haipendi kutoka baridini na kuingia joto la ghafula. Mtu anayekimbilia jikoni na kukaa juu ya moto na sweta yake ataanza kujikuna kabla chai haijachemka.

Usiku

Usiku ndio saa ya ukurutu. Mchana mtu ana kazi, anajizuia. Usiku mkono unajikuna wenyewe, na asubuhi shuka lina damu. Ayubu alijikuna kwa kigae. Watoto wetu wanatumia kucha, nazo zikatwe fupi kila juma.

Blanketi lisiguse mwili. Tandikeni shuka la pamba au kikwembe kikuukuu kati ya mtu na blanketi, na upande wa juu kikunjwe kufunika ukingo wa blanketi, maana ukingo ndio unaogusa shingo na kidevu. Mkeka na godoro la nailoni pia vifunikwe. Mtoto alale na nguo moja ya pamba yenye mikono mirefu na miguu mirefu. Kwa mdogo anayejiumiza sana, chukueni shati kuukuu la pamba la mtu mzima, shoneni mikono yake ifungwe mwishoni kama mfuko, au mvisheni soksi za pamba mikononi. Kamba yoyote isifungwe kwa nguvu, wala nyuzi zisibaki ndani ya soksi. Uzi unaweza kuzunguka kidole cha mtoto na kuzuia damu.

Baada ya kuoga kwa maji ya vuguvugu na kupaka vazelini, ngojeni kidogo kabla ya kuvaa. Wekeni nguo mbili za kulalia zilizo za kazi hiyo tu, kwa kuwa mafuta hayatoki yote yanapofuliwa. Lakini jihadharini sana na moto! Kitambaa kilichonywa mafuta kinawaka upesi kuliko kitambaa kikavu, na hata kikifuliwa bado kinabaki na mafuta. Huko Uingereza watu wamekufa kwa namna hiyo, hata serikali ikatoa onyo. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, maana tunapikia mbabula na kulala na taa ya mafuta au mshumaa. Mtoto aliyevaa nguo ya mafuta asiote moto, wala asitumwe kuchochea makaa.

Iko namna nyingine ya kutumia nguo usiku, kwa siku ambazo ugonjwa umewaka sana: nguo ya pamba iliyoloweshwa katika maji safi ya vuguvugu na kukamuliwa, inavaliwa juu ya ngozi iliyopakwa mafuta, kisha nguo kavu juu yake. Inatuliza kuwashwa kweli. Lakini isifanywe kama ngozi inatoa usaha, wala wakati wa baridi kali kwa mtoto mchanga, wala mtu asiifanye kwake kabla hajafundishwa hospitalini.

Kufua na kuanika

Sabuni iliyobaki ndani ya nguo inaamshwa na jasho na kuichoma ngozi. Kwa hiyo kosa si sabuni yenyewe tu, bali kusuuza kwa haraka. Suuzeni mara tatu, hata maji yasiwe na povu wala utelezi. Sabuni ya kipande isiyo na manukato yafaa. Maji ya Javel yasitumiwe kwa nguo za mgonjwa bila sababu, na yakitumiwa, msuuze tena na tena. Marashi yapulizwe pengine, si juu ya nguo. Na ikiwa mama ndiye mwenye ukurutu wa mikono, kazi ya kufua apewe mwingine katika nyumba. Akina baba nao wana mikono.

Anikeni juu ya kamba, penye jua kali, si chini ya mwembe wala juu ya majani. Katika nchi yetu yuko nzi wa rangi ya njano na kahawia anayekimbia jua na kutafuta vivuli. Anataga mayai zaidi ya mia moja juu ya mchanga ulionuka mkojo, au juu ya nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Funza anayetoka ndani ya yai anaingia ndani ya ngozi ya mtu anayevaa nguo hiyo, bila maumivu, na baada ya siku chache linatokea jipu lenye tundu dogo juu. Kwa ngozi yenye ukurutu, ambayo mtu ameizoea kuwasha, majipu hayo hayatambuliwi upesi. Dawa ni pasi ya makaa yenye moto wa kutosha, ndani na nje, hasa kwenye mishono, viuno na vitambaa vya haja vya mtoto. Nguo ipoe kabla ya kuvaliwa. Nyumba isiyo na pasi iazime kwa jirani; kama haiwezekani, nguo iliyokaushwa iwekwe ndani majuma mawili kabla ya kuvaliwa, na hivyo mtu awe na nguo za kupokezana.

Miguu sitasema mengi. Viatu vya plastiki vilivyofungwa vinapika mguu kama kwanga ndani ya majani. Vaeni soksi za pamba, badilisheni zikilowa, na nyumbani vaeni ndara za wazi.

Mkiisha kubadili nguo, ngojeni majuma matatu au manne, mkiendelea na mafuta na dawa mliyopewa. Nguo peke yake haiponyi ukurutu, wala dawa isiachwe kwa sababu ya shati jipya. Na msinunue sokoni mafuta ya kung'arisha ngozi; mengi yana dawa kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Lakini kama ngozi inatoa usaha au magamba ya rangi ya asali, kama kuna homa, au kama vimetokea ghafula vilengelenge vidogo vingi vya kufanana, vinavyouma kuliko kuwasha, msingoje majuma wala siku. Mleteni mgonjwa siku ile ile, hata usiku. Tena mlete na shati analovaa mchana, na nguo anayolalia, na blanketi lake, jinsi vilivyo, bila kuvifua kwa ajili yetu.